Binti yangu hali, lakini usiku kucha anatazama video za mapishi. Ubongo wake una njaa au hauna?

MamaZ_Kibokoni

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nawasoma humu miaka, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika, mniwie radhi maneno yakiwa mengi.

Mimi mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Huu mwaka wa 11 niko Minneapolis, Marekani, nalea wazee zamu ya usiku. Ninayemuulizia ni kifungua mimba wangu, ana miaka 15. Daktari amesema ana anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Neno hilo nimelijua mwaka huu. Kabla ya hapo nilikuwa nikisema tu mtoto ana maringo ya kula.

Lilivyoanza hatukuliona, kwa sababu lilikuja limevaa kanzu. Ramadhani alifunga zote 30, akafuatisha sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi. Mimi na babake tukawa twajisifu kwa watu, mashaallah, mtoto ameshika dini. Sikujiuliza hata mara moja msichana wa umri wake anawezaje kufunga 30 bila kukatiza siku hata moja. Wanawake wenzangu mmenielewa. Damu ilikuwa imekatika miezi minne na mimi mamake sina habari, mimi ninayewapima wazee presha kila usiku. Mpaka siku alipoanguka bafuni.

Sasa swali langu. Kila Jumamosi anaamka alfajiri, anakanda unga wa mahamri, anatia iliki na tui, anasukuma, anachoma. Yanaumuka vizuri kuliko yangu. Anawapakulia nduguze na mbaazi za nazi, kisha anasimama pale akiwahesabia: "Wewe umekula mawili tu, ongeza." Yeye mwenyewe hata kidole hakilambi. Na usiku nikiwa kazini, mdogo wake anayelala naye chumba kimoja ananambia dada yuko chini ya blanketi na simu mpaka saa 8, anatazama watu wakipika. Keki, jibini inayovutika, kuku wa kukaanga. Nikimuuliza una njaa, ananijibu, "Mama, sihisi njaa, wallahi."

Pale kliniki tuliombwa kama angekubali kuingia kwenye utafiti wa ubongo. Akalazwa ndani ya mashine ya MRI, ile ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili, akaonyeshwa picha za vyakula na za vitu vingine. Tukirudi kwenye gari nikamuuliza imekuwaje. Akasema: "Ilipokuja keki ya chokoleti moyo ulinipiga kama nimeona nyoka. Lakini sikutaka iondoke."

Nilikosa la kumjibu. Majibu ya mashine hatukupewa, walisema ni ya utafiti, si ya mtoto mmoja mmoja. Basi nauliza kwa wenye kujua: ile ilikuwa njaa au hofu? Anaposema hahisi njaa ananidanganya? Na simu nimnyang'anye?

---

mzee_wa_Majengo

Bi dada, pole. Lakini maradhi haya ni ya Ulaya. Sisi tulikuwa wanane, ukisusa sinia ya wali, saba wanakushukuru. Mlete kwa bibiye Mombasa wiki tatu. Biriani la Ijumaa lina dawa kuliko mashine.

---

binti_wa_Ngamiani

Mzee, shikamoo. Mimi niko Tanga, ndege naiona ikipita juu tu, na ugonjwa wa kula niliupata hapahapa, na biriani lipo. Nikitoka kazini nitaandika.

---

Chande_picha

Mama Z, pole sana. Nianze kwa kusema mimi si daktari. Kwa miaka 6 kazi yangu ilikuwa kuwalaza watu kwenye MRI katika maabara ya utafiti huko Ujerumani, na wengi waliopita mikononi mwangu walikuwa vijana wenye matatizo ya kula. Ninachokijua ni kile chumba alicholala binti yako.

Chumba chenyewe ni cha baridi. Mtoto anavua hereni, anawekwa vizibo masikioni kwa sababu mashine inagonga kama mafundi bati wa Gerezani. Kichwa kinabanwa kwa sponji, na juu ya macho kuna kioo kidogo kinachomwonyesha skrini iliyo nyuma yake. Halafu picha: tambi, stroberi, burger, keki, katikati yake kiatu, kikapu, ufunguo. Kila moja sekunde chache. Kiatu kipo kwa ajili ya hesabu ya kutoa. Ubongo ukiona kitu chochote unachangamka, hivyo unachukua mchangamko wa keki unatoa wa kiatu, kinachobaki ndicho cha chakula.

Na mchangamko wenyewe hatuuoni. Tunaona damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi inaletewa damu yenye oksijeni, na damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazifanani mbele ya sumaku. Inafika kileleni sekunde 5 au 6 baada ya picha, yaani keki imeshaondoka zamani na tayari tuko kwenye kiatu. Ukichukua mtoto mmoja, alama hiyo imezama kwenye kelele. Alivyopumua, alivyomeza mate, vyote vimo. Lazima uwaweke wengi pamoja ndipo kitu kijitokeze. Kwa hiyo waliokataa kukupa majibu walikuwa waungwana. Siku akija mtu kukuuzia "picha ya anoreksia" ya ubongo wa mwanao, mkimbie.

Tulikuwa pia na kamera ndogo inayofuata jicho. Hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko rangi nyekundu na njano zinazotoka baadaye kwenye kompyuta. Kuna waliofumba macho kila ilipokuja keki, mpaka tukadhani wamelala. Na kuna msichana mmoja, alipotoka, hata viatu hajavaa, aliniuliza kama anaweza kuiona tena ile picha ya mkate wa mdalasini. Akataka kujua unapikwaje, moto kiasi gani. Muuguzi wake alikuwa ametuambia asubuhi hiyo bakuli la supu limemshinda. Nilipokusoma nikamkumbuka huyo.

Njaa au hofu? Vyote viwili, na havitoki mahali pamoja.

Anza na njaa. Kwa kuwa uko Minneapolis, hadithi hii ni ya mtaani kwako. Novemba 1944 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua vijana wa kiume 36, wazima wa mwili na akili, waliokataa kwenda vitani kwa imani zao. Maabara yake ilikuwa ndani ya uwanja wa mpira wa chuo, chini ya majukwaa. Kwa wiki 24 wakapewa kama nusu ya chakula chao cha kawaida, ili ijulikane namna ya kuwarudisha watu wa Ulaya waliokuwa wameumizwa na njaa ya vita. Hakuna kati yao aliyeingia mle akiogopa kunenepa. Lakini wiki zilivyosonga wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kama mtu asomavyo riwaya. Wakakusanya maelekezo ya vyakula. Wakalamba sahani. Wengine walikuwa wakikaa na chakula kilekile muda mrefu, wanakikoroga, wanakigawa vipande. Baadhi yao baadaye wakawa wapishi kabisa. Hawakuwa na simu wale, wala chochote cha kutazama saa 8 usiku.

Zile video za binti yako, mimi nazihesabu hapo. Ubongo uliokosa chakula unakitafuta kwa macho. Hata kwa kijana asiye na ugonjwa wowote iko hivyo: mwaka 2013 Eric Stice na wenzake, kule Oregon, walionyesha kwamba kadiri kijana alivyokaa saa nyingi bila kula, ndivyo sehemu za ubongo za umakini na za raha zilivyowaka zaidi kwa picha za vyakula vitamu. Watu wanadhani ukijizoeza kutokula hamu inafifia. Kwenye mashine inapanda.

Sasa kwa nini basi hali? Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo ninapopapenda. Kuna kemikali ya ubongo, dopamini, ambayo watu huiita ya raha, ila kazi yake mojawapo ni kupiga kengele ya "sikutarajia hili". Wolfram Schultz aliiona kwa nyani: juisi ikija bila kutarajiwa seli zinalia, iliyotarajiwa isipokuja zinanyamaza. Guido Frank akalifanya jaribio la namna hiyo kwa binadamu na maji ya sukari mdomoni. Unaona umbo kwenye skrini, mara utamu unakuja, mara hauji. Katika utafiti waliochapisha mwaka 2021 walikuwa na wasichana na wanawake vijana 197 wenye matatizo ya kula, na 120 wasio nayo. Kadiri mwili ulivyokuwa mwepesi, ndivyo kengele ile ilivyolia kwa nguvu. Moyo uliompiga binti yako kama ameona nyoka haunishangazi hata kidogo.

Lililonishangaza ni jingine. Ndani kabisa ya ubongo kuna haipothalamasi, ndiyo inayosimamia njaa na shibe. Kwa wale wasio na ugonjwa, mawasiliano yalionekana kutoka huko kwenda kwenye sehemu ya tuzo: tumbo linasema, raha inasikiliza. Kwa wenye matatizo ya kula mwelekeo ulionekana kugeuka. Juu ndiko kunakoiambia njaa. Njaa inapiga simu, inajibiwa namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kwa hiyo anapokuapia kwamba hahisi njaa, mimi ningemwamini. Na anapotazama jibini mpaka saa 8, ningeyaamini macho yake pia.

Kuna na mazoea. Karin Foerde na wenzake, New York, mwaka 2015, waliwaweka mashineni wagonjwa 21 wa anoreksia na wanawake 21 wasio nao, wakawaambia wachague chakula hiki au kile. Kwa wagonjwa, uchaguzi ulihusiana zaidi na straitamu ya juu, sehemu inayoshika mazoea, ile inayokufanya ufunge kamba za viatu huku unaongea. Umeme umekatika tangu jana, unajua umekatika, lakini ukiingia chumbani mkono unakwenda kwenye swichi. Kukataa kwake kumeshafika huko kwenye mkono. Ndiyo maana kumweleza, kumlilia, kumpa takwimu za vitamini, havifiki. Unazungumza na sehemu ambayo haishiki swichi. Na ana miaka 15. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujirudi na kupima mambo, haijakomaa mpaka mtu apite 20 na kitu, kwake na kwa rafiki zake wote.

Nisikufiche, tafiti hizi zinagongana. Mmoja unasema sehemu ya ladha inawaka kupita kiasi, mwingine unasema haiwaki. Sehemu kubwa ya ugomvi ni vitu vya kawaida: huyu amelazwa akiwa ameshiba, yule na njaa, huyu bado amekonda, yule ameshapona. Na hakuna anayeweza kuangalia mtu aliyekwisha kukonda akasema kwa uhakika kipi kilitangulia. Ninalokuambia bila wasiwasi ni hili: ubongo wenyewe husinyaa mtu akikosa lishe muda mrefu, na uzito ukirudi hujaa tena kwa sehemu kubwa. Nimewaona waliorudi mwaka uliofuata kwa kipimo cha pili. Walikuwa wakinitania kuhusu kelele za mashine. Mara ya kwanza hawakuwa wamecheka hata kidogo.

---

MamaZ_Kibokoni

Chande, Allah akulipe kheri. Nimekusoma mara tatu kwenye basi, mara ya tatu nikapitiliza kituo. Hapo kwenye namba haipatikani nimelia, watu wakanitazama.

Hapo ulipokuwa uwanja ule kumbe nimepapita mara ngapi.

Lakini simu? Na mezani nifanye nini? Kliniki wameniambia mimi na babake ndio tutakaoamua sahani yake, yeye asiamue kitu kwa sasa. Babake anasema huko ni kumlisha mtoto wa miaka 15 kama kinda. Mwaona vipi?

---

binti_wa_Ngamiani

Shikamoo Mama Z. Nimetoka kazini sasa hivi.

Yangu ilikuwa upande wa pili, bulimia, ule wa kula kupita kiasi kisha kukitoa, ila nadhani ni nyumba moja milango miwili. Nilikuwa kidato cha tatu, bweni. Jumatatu mpaka Ijumaa nilikuwa nakunywa chai ya asubuhi na kujifanya tumbo linauma. Nje ya geti kulikuwa na mama wa vitumbua. Mama Z, sijui nikuelezeje ile harufu. Mafuta yakipata moto na unga wa mchele wenye hiliki unapoingia kwenye kikaango, mimi darasani dirisha la tatu nilikuwa najua kageuza. Mwalimu anafundisha jiografia, mimi namsikiliza mama wa vitumbua. Nilibadilisha njia ya kwenda kanisani Jumapili nisimpite, nikazunguka kote kule kwa nyuma kwenye tope.

Halafu Jumamosi usiku ilikuwa inakuja yenyewe. Boflo zima, sukari ya mwenzangu kwenye tranka, chochote. Wala sikuwa nasikia ladha, hilo ndilo watu hawaelewi. Wiki nzima nimevitamani, vimefika mdomoni havina ladha. Kilichofuata baada ya hapo sitakiandika.

Kwa hiyo Chande anaposema kutokula kunaongeza, mimi nathibitisha bila mashine. Siku niliyoanza kulishwa mara tatu kwa siku, kwa saa zilezile, na vitafunio katikati, nilidhani nitakula mpaka nipasuke. Badala yake baada ya kama miezi miwili nikampita mama wa vitumbua nikagundua nimeshampita. Nilikuwa nawaza mtihani.

Mezani sasa. Mamangu alikuja kukaa nami likizo nzima. Hakuwa anasema kula. Alikuwa ananisimulia tamthilia ya Kituruki ya kwenye runinga, na anaisimulia vibaya, anachanganya majina, mume wa huyu anampa yule. Mimi siwezi kuvumilia, namsahihisha, na huku nimeshapeleka kijiko. Miaka imepita ndipo aliponiambia alikuwa anakosea makusudi. Nusu yake makusudi, majina ya Kituruki kweli yalimshinda.

Na nakuomba kitu kimoja, mama yangu. Waambie mashangazi. Akiongezeka uzito kidogo wakimwona kwenye harusi wasimwambie "umenona, mashaallah". Najua ni kumsifu. Mimi niliambiwa hivyo na watu wanne kwenye kipaimara cha mdogo wangu na nikarudi nyuma wiki tatu. Wamwambie hijabu imempendeza.

---

mzee_wa_Majengo

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote. Hii ya kunona mimi nimeisema mara ngapi sijui, na sikuwa na nia mbaya. Lakini bado nauliza, mbona zamani hayakuwako?

---

Chande_picha

Mzee, yalikuwako ila hayakuitwa. Jina la anoreksia lilitolewa na William Gull, daktari wa London, mwaka 1873, wala runinga haikuwepo. Kwamba tunavyotazama vinaongeza, hilo nakubaliana nawe. Fiji, visiwa ambako mwanamke mnene ndiye aliyekuwa mzuri kama kwetu tu, runinga ilifika mkoa mmoja mwaka 1995. Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule hapo ilipofika, na wengine tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Na mwaka 2007 kulichapishwa utafiti wa namna hiyo kuhusu wanawake wa Tanzania. Kwa hiyo Ulaya yako, mzee, iko mfukoni mwako, kwenye simu unayonisomea.

Mama Z, hiyo ndiyo tofauti ningeiweka kwenye simu. Picha za mahamri hazikumletea ugonjwa, ni njaa inayozitafuta, na akishiba zitapungua zenyewe. Za wasichana wanaoonyesha mifupa na kuhesabiana walichokula, hizo zifute leo. Saa 8 usiku simu ilale chumbani kwako kwa sababu ya usingizi tu, mwambie hivyo hivyo.

Na babake mwambie kliniki hawajabuni. Njia ya wazazi kushika sahani ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na kwa vijana walio nyumbani ndiyo iliyojaribiwa na kusaidia zaidi. Akivunjika mguu angembeba. Sahani anarudishiwa, kidogo kidogo, baadaye. Kama mazoea yamo mkononi, basi na mkono ufundishwe upya kwa kurudia, chakula baada ya chakula, bila hotuba.

Angalizo moja tu, na hili nimeliona likienda vibaya: akipitisha siku kadhaa karibu bila kula kitu, usimjaze ghafla nyumbani kwa huruma. Madini ya damu, hasa fosfeti, huporomoka chakula kinaporudi kwa kishindo, na moyo unaweza kusimama. Hapo ni hospitali. Kuzimia tena, mapigo kwenda ovyo, kifua kubana, pia ni hospitali, usiku huohuo.

---

mzee_wa_Majengo

Sawa. Biriani langu lakini siliondoi mezani.

---

binti_wa_Ngamiani

Liache mzee, tutakuja 😄

---

MamaZ_Kibokoni

Nimerudi, zimepita wiki tano. Niliahidi moyoni nitawaletea habari.

Sheikh wa msikiti wetu amezungumza naye mwenyewe. Alimsomea aya ya 184 ya Baqara, mgonjwa ana ruhusa, akamwambia kufunga kwako wewe sasa ni kula. Binti alikasirika siku mbili. Nadhani alikuwa amepoteza mahali pa kujificha.

Babake ameshakubali. Yeye ndiye wa chakula cha usiku nikienda zamu, na amegeuka mkali wa saa kuliko mimi.

Jumamosi iliyopita alikanda binti, nikachoma mimi. Nikampakulia mawili na mbaazi, nikakaa mkabala. Hamri la kwanza alilikata vipande 12, nilihesabu. Kila kipande alikifinya kwanza kwenye kitambaa cha karatasi kuondoa mafuta, nikaona, nikanyamaza. Tamthilia mimi sina, basi nikamsimulia siku yangu ya kwanza mji huu, nilivyopanda basi la kwenda kinyume nikashukia mahali nisipopajua, theluji mpaka kwenye kifundo cha mguu, na mimi nimevaa malapa ya bafuni kwa sababu viatu vilikuwa kwenye sanduku lililopotea. Akauliza, malapa rangi gani? Nikamwambia ya waridi. Akacheka na mdomo una chakula.

Ilichukua saa moja na dakika 10. La pili lilibaki nusu. Nduguye mdogo akanyoosha mkono alichukue, kama alivyozoea Jumamosi zote. Akampiga kofi la mkono: "Wacha, hilo langu."

Hakulimaliza. Lakini hakumpa.